Pengo la Kashindye

Sikuiona hata filamu moja.
Tikiti ilikuwa shilingi mbili, na karanga zangu
fungu senti kumi. Piga hesabu mwenyewe.
Nilikaa nje, sinia mapajani, mgongo ukutani,
upande ule wa pazia,
muziki ukinipitia mbavuni kabla ya kufika masikioni.

Basi usiniulize nani alimbusu nani.
Niulize kilichotangulia risasi:
filimbi moja, nyembamba
kama moshi wa mrina asali msitu wa pili,
na kabla ya filimbi, kimya,
mpaka mle ndani watu walisahau kukohoa.

Aliyeutunga hatukumjua.
Mkanda ulishuka stesheni umeshachanika,
kule mwanzo, penye majina.
Kashindye, mwendesha mashine, akakata palipoharibika,
akaunga kwa gundi na dua,
zikabaki herufi tatu za mwisho: e, l, i.
Tukamwita Eli.
Wapo watu wa Gongoni walioapa
kuwa ni Mnyamwezi aliyezamia meli.

Eli hakuwa na haraka.
Alitoa tarumbeta moja akaiacha isimame peke yake
kama mgeni aliyeshuka Tabora usiku, hana mwenyeji.
Halafu fidla, kwa mbali,
zikaja pamoja, zikaachana
kama mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma:
sauti ilikuwa moja, sasa ni mbili,
na huwezi kuonyesha ni wapi ilipokatwa.

Ila penye kilio kikubwa mkanda ulikatika tena.
Kashindye akaunga tena.
Tangu hapo tarumbeta ikawa inapanda
kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu,
inaruka cha nne, inatua cha tano
kama mtoto wa mkubwa.
Wageni walipiga miluzi ya hasira.
Sisi wa kila Jumamosi tulivuta pumzi pale pale,
tukavuka,
kama unavyouvuka ubao uliooza
kwenye daraja la kwenu.

Jumba sasa ni ghala la mbolea ya tumbaku.

Vijana wa Isevya wanatengeneza filamu zao:
mirathi, uchawi, harusi iliyovunjika.
Muziki wanautoa kwenye kompyuta.
Wanamuiga Eli kwa kumuiga aliyemuiga aliyemuiga.
Mlango ukifunguliwa, ngoma.
Chai ikimiminwa, ngoma.
Mama mkwe akipiga chafya, fidla mia mbili!
Mmoja alinisikilizisha filimbi yake.
Kila kitu kilikuwemo isipokuwa mtu anayepumua.
Nilimwambia hata nyuki wa plastiki ana mabawa.
Akacheka, akidhani nimemsifu.

Juzi akaja Mihayo, fundi simu,
mwana wa Nyanzala aliyekuwa akifagia jumba lile asubuhi,
maganda ya karanga zangu yote yakimwisha mgongo.
Akanivika hedifoni juu ya kilemba.
Nilikuwa nimeshaandaa "vizuri, mwanangu,"
ile ya midomoni.

Ngoma, bila shaka. Ngoma nyingi.
Kisha tarumbeta, ya bati, ya mashine,
ikapanda kidato cha kwanza,
cha pili,
cha tatu,

na mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi.

"Hapo umekosea," nikasema, kumpima.
"Hapana, bibi. Ndivyo ulivyo.
Mama aliuimba hivyo hivyo akifagia."

Eli, ulipolala hukuutunga ule mruko.
Huko wanakokuiga kwa vyeti
wanazo noti zako zote, na jina lako zima.
Hawana hili.

Nikavua hedifoni.
Nikamwambia apunguze ngoma, filimbi aiache ikae,
mtu asikie hata anayetafuna karanga.
Hakunisikia.
Alikuwa ameshazivaa yeye,
kichwa kinayumba, anahesabu kwa vidole,
na kwenye kidole cha nne
hakugusa kitu.